Viwanja Sita Alivyovionyesha Fundi wa Hema

Saa moja kasorobo, Jumamosi asubuhi, na jua halijaamua kama litatoka au litaendelea kulala. Katikati ya kiwanja kiitwacho Kokoto, nyuma ya nyumba za mawe za mtaa mmoja wa Eastlands jijini Nairobi, mzee mmoja amepiga magoti kama anayetubu. Mkononi amevaa kiatu. Ni kiatu cheupe cha kike, cha kisigino kirefu, na ni cha mguu mmoja tu.

Anakisimika kisigino ardhini, anakiegemea kwa uzito wake wote, anahesabu hadi kumi. Halafu anakichomoa na kutia kidole kwenye tundu. Anasogea hatua nne, anapiga magoti tena.

Mama mmoja anayepita na mtungi wa maji anasimama kumtazama.

"Mzee Mutie, mwenye mguu ameenda wapi?"

"Ameolewa," mzee anajibu bila kuinua kichwa. "Aliniachia hiki akisema kule aendako kuna lami."

Mama anacheka mpaka maji yanamwagika. Mzee hacheki. Leo anayempimia ardhi ni binti yake mwenyewe.

Mutie Nzomo, mwenye umri wa miaka 56, ni fundi wa hema. Alitoka Mwala, Machakos, mwaka 1963, akaja jijini akiwa na darasa la nne na mikono miwili, na kati ya hivyo viwili ni mikono iliyompa chakula. Kwa miaka kumi na tisa amesimamisha mahema ya harusi kuanzia Makadara hadi Embakasi. Wanaomjua husema hawajawahi kuona hema la Mutie likianguka. Wanaomjua vizuri zaidi husema kusimamisha hema si kazi yake hasa. Kazi yake hasa ni kuchagua mahali.

"Harusi ikiharibika, watu wanasema bwana harusi alilewa, au wapishi walijificha na nyama," anasema. "Hakuna anayeuliza udongo."

Udongo wa upande huu wa jiji ni mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza kijiko. Mvua ikinyesha hushika miguu ya mtu kama shangazi asiyetaka mgeni aondoke. Mahali penye ardhi ngumu ni pachache, na Mutie anapajua pote kama kiganja chake. Kanuni yake ni moja: kisigino kikizama kupita pingili ya kwanza ya kidole, harusi ikatafutiwe kwingine.

Anajua pia upepo wa saa nane unatoka wapi, na kama unapitia mtoni kwanza. Anajua jua la saa tisa litampiga nani machoni wakati wa hotuba. Anajua ni kanisa gani lenye vipaza sauti vitakavyomkatiza mchungaji wa harusi kabla hajafika kwenye "ndiyo".

Mwaka jana, wakati wa mvua za El Nino, familia moja ilimpuuza ikaenda kufanyia sherehe karibu na Kware, kwa kuwa kiwanja kilikuwa kikubwa na hakina kelele. Meza kuu ilianza kuzama wakati wa sala. Keki ya ghorofa tatu ikainama taratibu, ikawa ya ghorofa moja, na bibi harusi akatolewa kwenye kiti chake na wanaume wanne. Viatu vyake havikutoka.

"Nilisikia habari hiyo nikafurahi," Mutie anakiri. "Mungu anisamehe. Ilikuwa furaha yangu ya mwisho katika kazi hii."

Kwa hema kubwa analipwa shilingi mia mbili na hamsini, kwa dogo mia moja. Mwaka 1994, kuanzia Agosti hadi Desemba, alisimamisha mahema katika harusi thelathini na moja. Msimu huu wa mwaka 1998, mpaka tunapokwenda mitamboni mwezi Novemba, amefanya nne. Siku nyingine anashona magunia Gikomba, na mkewe, Nzilani, anauza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, mlangoni pa chumba chao kimoja huko Kayole.

Si kwamba watu wameacha kuoana. "Watu bado wanapendana, ugonjwa huo haujapata dawa," anasema Mutie. "Kilichokwisha ni mahali pa kuwakalisha wageni."

Viwanja vya wazi vilivyokuwa vikitumiwa na wakazi kwa harusi, matanga na mpira vimezungushiwa mabati kimoja baada ya kingine. Wakazi wanasema ni wanyakuzi wa ardhi. Wanyakuzi wenyewe hawajasema lolote, maana mpaka leo hakuna anayewajua kwa sura. Kuna kuta, kuna mageti, kuna walinzi wenye marungu. Mwenye mali haonekani, kama pepo.

Lakini Mutie alimwona. Alimwona siku nzima, na walikunywa chai pamoja.

Ilikuwa Jumanne moja ya Aprili, mwaka 1996. Mwanamume mmoja mnene, mwenye suti ya kijivu na sauti ya upole, alifika Umoja kwa Norah Ochola, mjane anayekodisha mahema na ambaye ndiye mwajiri wa Mutie. Alisema anaitwa Baba Whitney. Binti yake anaolewa mwezi Agosti, wageni ni mia nane, na anataka mahali pazuri huku huku Eastlands, "kwa sababu mimi nimelelewa huku na siwezi kuwasahau watu wangu."

"Alivyosema hivyo nusura nilie," anakumbuka Norah. "Nikamwambia, baba, mtu wa kukutembeza ni mmoja tu. Nikamwita fundi."

Mutie alichukua kiatu chake. Wakaanzia kiwanja cha Tangi, kisha Magoli, kisha Mikaratusini, kisha vingine vitatu, gari la mgeni likiwafuata polepole na dereva wake. Kila kiwanja Mutie alipiga magoti, akapima, akaeleza. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza vile. Mgeni alikuwa na daftari, na kila alichoambiwa alikiandika.

Aliuliza maswali, na kila swali lilikuja na nguo yake ya harusi.

Aliuliza bomba la maji linapita wapi, kwa sababu ya wapishi. Aliuliza kiwanja ni cha nani kwa maandishi, wageni wasije wakafukuzwa na pilau mkononi. Aliuliza ukichimba utakuta mwamba baada ya futi ngapi.

"Hapo ndipo ningeshtuka," anasema Mutie. "Harusi gani inataka mwamba? Lakini nilikuwa nimeshajaa sifa kama puto. Nikamwambia, Mikaratusini mwamba uko futi tatu, hapa hata ghorofa linasimama. Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Ghorofa."

Mwisho, wakinywa chai, mgeni akauliza swali la nne. Alitaka kujua majirani wakali ni akina nani, wale wa kupiga kelele. Akasema anataka kuwapelekea kadi za mwaliko mapema, wajisikie wameheshimiwa.

Mutie alimtajia watu sita. Jina la kwanza alilitaja akicheka.

"Nikamwambia, mkali wa kwanza yuko nyumbani kwangu. Binti yangu, Mutheu, mwalimu wa chekechea. Huyo hata kunguru akitua atamuuliza ametoka wapi."

Mgeni naye alicheka. Akaandika.

Mvua ilianza kunyesha kabla hawajafika kiwanja cha saba, hiki cha Kokoto. Mgeni alitazama viatu vyake, akasema vilivyoonekana vinatosha. Akampa fundi shilingi mia mbili za shukrani. Jioni ile familia ya Mutie ilikula nyama, jambo lisilo la kila Jumanne. Mutheu alikula pia, akamsifu baba yake.

Nzilani ndiye aliyeuliza, akilamba mfupa.

"Huyo bibi harusi anaitwa nani?"

"Whitney."

"Whitney wa kuolewa?" Nzilani aliweka mfupa chini. "Baba Mutheu, jina hilo limeingia mitaani juzi na redio. Mawhitney wote wa Nairobi bado wanajikojolea. Mutheu anao watatu darasani, na mkubwa wao hajang'oka jino."

"Watu wa pesa hupata majina mapema," Mutie alimjibu.

Hakulala na wasiwasi. Alilala ameshiba.

Mwezi Julai mabati yalizunguka kiwanja cha Tangi kwa siku mbili. Wakazi walikasirika. Mutie alikuwa mtu pekee mtaani aliyefurahi. Alijua ni maandalizi.

"Nilisema, ama kweli hawa ni matajiri, harusi ya Agosti wanaizungushia mabati Julai ili mbuzi wasiingie," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka, kicheko kibaya kama kikohozi. "Nikamwambia Norah ayatoe mahema yote, ayaoshe. Tukayaosha. Tukayaanika. Tukangoja waje kutuita."

Agosti ilipita. Aliyeitwa alikuwa mchimba msingi. Leo pale Tangi kuna ghorofa tatu, na chini kuna baa.

Septemba ikawa zamu ya Magoli. Hapo Mutie aliacha kula vizuri. Alihesabu kwa vidole: Tangi, Magoli. Alijua kinachofuata, kwa sababu yeye ndiye aliyeipanga njia.

"Kama kuna mtu angeniuliza, ningemwambia mwezi na kiwanja," anasema. "Hakuna aliyeniuliza. Nami sikusema."

Alimwambia mkewe peke yake. Nzilani hakupiga kelele. Alisema neno ambalo Mutie analikumbuka kila anaposhika nyundo.

"Kwa hiyo umeoza viwanja sita, Baba Mutheu, bila hata mbuzi mmoja wa ntheo."

Ntheo, kwa Wakamba, ni mbuzi wa kufunga ndoa. Asipotolewa, mwanamke ni wa kwao hata akizaa kumi. Mutie anasema angependelea kupigwa na mwiko.

Machi 1997 mabati yalifika Mikaratusini. Safari hii wakazi walikuwa wamejipanga. Akina mama na vijana wapatao sitini walikwenda asubuhi kusimama mbele ya lori, na mbele yao wote alisimama Mutheu, kwa kuwa watoto wake wa chekechea walichezea pale.

Walinzi waliteremka kwenye lori wakiwa tisa. Mmoja alikuwa na karatasi.

"Mutheu ni nani hapa?" aliuliza.

Mutheu alidhani ameitwa kwa mazungumzo. Akapiga hatua mbele. "Ni mimi."

Rungu lilimpata mdomoni. Alipoteza jino moja la mbele na nusu ya lingine. Watu walitawanyika. Mabati yalisimama kabla ya saa sita mchana. Ndani ya uzio huo mpaka leo hakujajengwa kitu, kuna nyasi za kufika kiunoni na mbwa wawili.

Mutie alimbeba binti yake kwenda zahanati. Njia nzima Mutheu, mdomo ukiwa umejaa kitambaa, alijaribu kuuliza jambo moja, na baba yake alimwambia anyamaze asije akavuja damu zaidi. Alipopona aliliuliza vizuri, naye analiuliza mpaka leo: walinijuaje jina?

Baba yake amekaa na jibu hilo kwa mwaka mmoja na miezi minane.

"Nilijaribu kumwambia mara tatu," anasema. "Mara ya kwanza alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Ya pili alikuwa amemleta Masinde nyumbani tumwone. Ya tatu ilikuwa siku ya ntheo, mbuzi wamefika, wazee wamekaa. Nani anazungumza hivyo mbele ya mbuzi?"

Masinde, mchumba wa Mutheu, ni karani wa reli, Mbukusu wa Bungoma, mpole wa kucheka kidogo. Mwezi Agosti wazee wa pande mbili walipokutana, baba yake, Mzee Wekulo, alimaliza mambo kwa neno la heshima. "Mahali pa sherehe tusibishane," alisema. "Baba wa bibi harusi ndiye bingwa wa mahali. Atakapotuambia tukae, tutakaa."

Watu walipiga makofi. Mutie anasema kila kofi lilimwingia mgongoni.

Tangu siku hiyo ametembea. Hoteli zenye bustani hutoza kwa kichwa, na vichwa vya Wakamba na Wabukusu vikijumlishwa havilipiki. Kumbi za makanisa zimejaa mpaka Machi. Viwanja vilivyobaki ni vya udongo mweusi. Pamebaki mahali pamoja tu, hapa Kokoto, ambapo zamani wajenzi wa barabara walimwaga kokoto zao na kuzishindilia, na ambapo mwaka 1996 mvua ilimzuia asipaonyeshe.

"Watu wasinipe sifa ya bure," anaonya. "Sikupaficha. Kulinyesha."

Wiki mbili zilizopita gari lisilo la hapa lilizunguka Kokoto mara mbili na kuondoka. Kamati ya wakazi imeandikia wakili mmoja wa mjini, naye amewajibu kwamba kwa viwanja sita vilivyokwenda na hiki cha saba kinachotazamwa, anahitaji kitu kimoja: mtu aliyemwona mnyakuzi kwa macho yake, akamsikia akizungumza. Kamati imetafuta mtaa mzima. Ilifika hadi mlangoni kwa Mutie. Alisema hajui.

Norah alimshauri aendelee kutojua. "Fundi, mimi nakupenda kama ndugu," alimwambia. "Lakini ukisimama useme wewe ndiye uliyemtembeza, nani atatuita tena? Mtu mwenye kiwanja atatuachia tuingie na kamba zetu? Utanizika na wewe."

Saa mbili asubuhi, Jumamosi hiyo hiyo, wageni wa kukagua mahali wanafika Kokoto. Ni watatu: Mutheu, Masinde, na shangazi yake Masinde, ambaye kila mtu anamwita Senge, kama wanavyowaita shangazi kwao. Senge amekuja na mwavuli, kofia na maoni.

"Hapa ndipo?" anauliza akizunguka. "Na choo kiko wapi? Wageni wetu wanakunywa."

"Shule ile itatufungulia," anasema Mutie.

"Upepo?"

"Unatoka kule. Wapishi tutawaweka huku, moshi uende kwa wasioalikwa."

Senge anafurahi. Anakanyaga ardhi kwa visigino vyake mwenyewe, anaruka kidogo, mama wa kilo tisini, na ardhi haimwonyeshi dharau. "Fundi, wewe ni mtu! Sasa mpiga picha atasimama wapi?"

Mutie anamwonyesha. Senge anawapanga wachumba wawili mahali pale, anarudi nyuma, anakunja jicho moja kama kamera.

"Chekeni basi. Mutheu, mama, cheka. Mbona umefunga mdomo kama mwenye maji ndani? Picha ya harusi ni meno!"

"Senge," Masinde anasema taratibu.

"Nini Senge? Nimesema vibaya?"

"Mwache aseme, Masinde," Mutheu anasema. Anafungua mdomo wake, anamwonyesha shangazi pengo. "Jino langu liko kule ndani ya mabati ya Mikaratusini, Senge. Walikuja na jina langu kwenye karatasi. Mpaka leo sijui aliyewapa. Siku nikimjua, huyo kadi ya harusi hapati."

Senge anashika kinywa chake. "Uui. Pole, mwanangu. Nani anaweza kumuuza mtoto wa mtu hivyo?"

Mutie amekaa chini, pale pale alipokuwa amesimama, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Ni mimi," anasema.

Wanadhani anaumwa. Masinde anamkimbilia. "Mzee, nini? Ni moyo?"

"Ni mimi niliyewapa. Baba Whitney. Nyama ile ya Aprili." Maneno yanatoka nje ya mpangilio, na inabidi arudi nyuma ayapange: suti ya kijivu, daftari, viwanja sita, swali la nne. Anaposema alilitaja kwanza jina la binti yake, na kwamba alilitaja akicheka, anaacha kumtazama.

Mutheu hasogei. Senge amefunga mwavuli wake, haijulikani kwa sababu gani.

"Mimi niliuliza miaka miwili," Mutheu anasema. "Nilikuwa nakuuliza wewe, Baba. Kila mara wewe ndiye niliyekuwa nakuuliza."

"Najua."

"Na ukachagua kuniambia leo. Mbele ya wakwe."

"Ningekwambia nyumbani ungenisamehe haraka," anasema Mutie. "Mama yako angeleta chai, ingekuwa imekwisha."

Mutheu anavua viatu, anavishika mkononi, anaondoka akikatiza kiwanja kwa miguu mitupu. Masinde anataka kumfuata. Senge anamshika shati.

"Mwache atembee. Ardhi ni ngumu, haitammeza."

Kisha Senge anamgeukia mkwe wake aliye chini. Inaonekana anatafuta tusi la kumfaa, na Kiswahili hakimtoshi. Mwishowe anasema tu, "Inuka, mzee. Nguo zitachafuka," na kumwachia mkono wake auegemee.

Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita. Tangu hapo Mutheu hajakanyaga chumba cha Kayole. Amehamia kwa mwalimu mwenzake. Harusi haijavunjwa, Mzee Wekulo aliposikia alituma ujumbe kwamba yeye alikubaliana na msichana, hakukubaliana na ulimi wa baba yake.

Nzilani amekuwa tarishi. Anakwenda na muthokoi, anarudi na maneno, na anayatoa kwa Mutie kidogo kidogo, kama anayempimia mtu sumu.

"Amesema uandike," alimwambia Jumatatu. "Yote. Suti, gari, dereva, siku, maswali. Uandike na swali la nne."

"Nitaandika."

"Hajamaliza. Amesema Jumapili kamati inakutana pale Kokoto. Utasimama wewe mwenyewe usome. Si kumpa mtu akusomee. Watu wa Tangi watakuwepo, na wa Magoli, na wale wote."

"Watanipiga mawe."

"Hilo hakulisema," alijibu Nzilani. "Mimi nadhani watu wa Magoli ndio watakaoanza. Amesema ukisoma, Desemba kumi na mbili utamshika mkono umpeleke kwa mumewe. Usiposoma, atashikwa na mjomba wake Kilonzo."

"Kilonzo!" Mutie aliruka. "Yule anayelala kwenye misa?"

"Huyo huyo. Ameshaazima suti."

Kwa hiyo jioni hizi, Mutie Nzomo, mwenye darasa la nne, ameinama juu ya daftari la mistari lililonunuliwa na mkewe. Kalamu kwake ni nzito kuliko nyundo. Amefikisha ukurasa wa tatu. Nambari ya gari anaikumbuka yote, maana siku ile aliitazama kwa mapenzi akiwaza namna litakavyopendeza likifungwa riboni. Ukurasa wa kwanza aliurarua mara mbili, kwa sababu aliona ameanza kwa kujitetea.

Norah amekwisha kumwambia kwamba baada ya Jumapili hatamhitaji tena, na aliposema hivyo alilia, kisha akamwomba arudishe nyundo kubwa. Mutie hamlaumu. Harusi ya Mutheu itakuwa ya mwisho kwake kusimamisha hema, na hata hilo amelikodi kwa mtu wa Mathare asiyemfahamu.

Hajui kama mwezi ujao Kokoto itakuwa bado ni kiwanja au itakuwa mabati. Hajui kama karatasi ya fundi wa hema inaweza kumtoa mtu mwenye suti ya kijivu ndani ya ghorofa tatu. Wakili amesema inaweza kusaidia. Mawakili, Mutie anasema, ni kama wapishi wa harusi, hawajawahi kusema chakula hakitatosha.

Lakini Jumapili atasoma. Ameshajizoeza mbele ya Nzilani, ambaye alimsimamisha alipofika kwenye jina la Mutheu na kumwambia alirudie kwa sauti, maana siku ile hakulitaja kwa kunong'ona.

Na je, wakazi wakikasirika kupita kiasi, na Mutheu akabadili nia, na Kilonzo akavaa suti yake ya kuazima?

Mutie anafikiri, akipangusa wino kwenye kidole.

"Kushika mkono hata Kilonzo anaweza, mradi asisinzie njiani," anasema. "Lakini nitaamka mapema siku hiyo, wote wakiwa bado wamelala, niende nisimamishe lile hema. Wageni wakifika wakute kivuli. Nikiambiwa niondoke, nitaondoka, watakuwa wamekwisha kukaa."